Chombo cha Kuchachushia Pombe ya Nyumbani: Dalili za Kasoro, Vyanzo Vyake na Marekebisho

Mambo yanapokwenda kombo katika uchachushaji wa nyumbani, iwe ni divai ya matunda, bia au pombe ya asali, lawama ya kwanza hutupiwa hamira. Ukiyachunguza malalamiko yanayojirudia, hata hivyo, utaona kwamba mengi yanatokana na chombo: mfuniko usiobana, ndoo iliyokwaruzika kwa ndani, chupa iliyojazwa hadi shingoni, au pipa ambalo hakuna anayejua lilibeba nini hapo awali. Jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba chombo kinachofaa katika siku za kwanza huwa hakifai baada ya wiki mbili au tatu. Mwanzoni gesi na povu ni vingi, na nafasi tupu ndani ya chombo ni ya lazima. Baadaye gesi hupungua, hewa ikawa adui, na nafasi ileile iliyookoa sakafu yako ndiyo inayoiharibu pombe. Nyingi kati ya kasoro zilizoelezwa hapa hutokea kwa sababu chombo kimoja kimelazimishwa kufanya kazi za hatua zote mbili.

Maelezo haya yanahusu kuchachusha tu. Kukeneka, yaani kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake, ni kazi nyingine yenye hatari za moto na sumu, na katika nchi nyingi ni kosa kuifanya bila leseni. Hata kuchachusha kwenyewe kuna sheria zake, na zinatofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo zijue kabla ya kununua chombo chochote.

Dalili: Kizibo cha maji hakitoi mapovu

Kizibo cha maji ni kile kifaa kidogo kinachokaa juu ya chombo, chenye maji ndani yake, kinachoiruhusu gesi itoke bila hewa ya nje kuingia. Kinapokaa kimya, watu huingiwa na hofu, huongeza hamira, huongeza sukari, na hatimaye huharibu kitu ambacho hakikuwa na tatizo.

Sababu iliyo ya kawaida kuliko zote ni mfuniko unaovujisha gesi. Gesi hupita pale penye upinzani mdogo zaidi, na mfuniko wa ndoo wenye mpira uliokauka au uliokaa upande hutoa njia rahisi kuliko maji ya kizibo. Bonyeza mfuniko taratibu kwa kiganja: maji yanapaswa kupanda upande mmoja wa kizibo na kubaki pale kwa muda huku ukiendelea kubonyeza. Yakirudi chini mara moja, kuna mvujo. Paka maji ya sabuni kuzunguka ukingo wa mfuniko na tundu la kizibo, kisha tazama ni wapi vipovu vinaota. Tiba yake kwa kawaida ni kuugeuza au kuubadilisha mpira wa mfuniko. Mvujo mdogo katika siku za kwanza hauna madhara makubwa kwa kuwa gesi inasukuma kwenda nje, lakini chombo hicho kisitumiwe kwa hatua ya pili mpaka kitengenezwe.

Sababu inayofuata ni haraka ya mwenye chombo. Hamira inaweza kuchukua kati ya saa 12 na 48 kabla ya kuonyesha dalili yoyote, na zaidi ya hapo ikiwa chumba ni cha baridi. Vilevile, chombo cha lita 25 chenye lita 8 tu ndani yake kina nafasi kubwa tupu, na kila mabadiliko ya joto la chumba yanaivimbisha au kuisinyaza gesi iliyomo, hivyo mapovu yanakuwa shahidi asiyeaminika. Mimi siyaamini mapovu katika chombo chochote. Haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea na kuonyesha uzito wa mchanganyiko ukilinganishwa na maji, ndiyo inayotoa jibu: kikisoma chini kuliko kilivyosoma siku mbili zilizopita, uchachushaji unaendelea, hata kama kizibo kimenyamaza kabisa. Kikisoma karibu na 1.000 au chini yake, divai isiyo na sukari iliyosalia huenda imeshamaliza kazi yake.

Kama kipimo hakijashuka kabisa baada ya siku tatu na joto ni la kufaa, hapo ndipo uifikirie hamira kuwa imekufa, na chombo hakihusiki tena.

Dalili: Povu linafurika au mfuniko unaruka

Hapa chanzo karibu kila mara ni kujaza kupita kiasi. Acha robo ya chombo tupu kwa bia na kwa mchanganyiko wenye nyama ya matunda, kwa sababu povu na makapi hupanda pamoja. Ukiona kizibo cha maji kimeanza kujaa povu, kiondoe na badala yake weka mrija mpana wa mpira, ambao ncha yake nyingine imezamishwa kwenye ndoo ya maji. Gesi na povu vitatoka humo hadi kasi itulie, na kisha kizibo kinarudishwa kikiwa kimeoshwa.

Sababu ya pili ni umbo la chombo. Matunda yaliyopondwa hayafai kabisa kuchachushwa katika chupa yenye shingo nyembamba. Maganda huelea, hukusanyika shingoni, huziba njia, na gesi iliyokosa pa kutokea huongeza mgandamizo. Kilo 1 ya sukari ikichachuka yote hutoa karibu nusu kilo ya kaboni dioksidi, ambayo katika joto la kawaida la chumba huchukua nafasi ya lita 250 hivi. Hakuna chupa ya kawaida inayoweza kuifungia gesi hiyo ndani. Matunda yawekwe kwenye ndoo yenye mdomo mpana, yasukumwe chini mara mbili kwa siku kwa kijiko kilichosafishwa, na yachujwe kabla ya pombe kuhamishiwa kwenye chupa yenye shingo.

Sababu ya tatu, isiyotokea mara nyingi, ni joto kuwa juu mno, na hiyo ina sehemu yake hapo chini.

Onyo: ukikuta shingo imeziba na mfuniko au kizibo kimevimba, usiinamie chombo. Kifunike kwa taulo nene, geuza uso pembeni, kisha legeza kizibo polepole ukiwa umevaa glavu. Ikiwa chombo ni cha kioo na tayari kinaonyesha ufa, usikiguse. Watoe watu wote chumbani na kiache mpaka kitulie chenyewe au kimwagike.

Dalili: Pombe inanuka siki, au utando umetanda juu

Siki hutengenezwa na bakteria wanaoigeuza pombe kuwa asidi wakisaidiwa na oksijeni. Bakteria hao wako karibu kila mahali, juu ya maganda ya matunda na miguuni mwa nzi wadogo wa matunda, na kwa hiyo hakuna usafi unaoweza kuwaondoa wote. Kilicho ndani ya uwezo wako ni kuwanyima hewa, na chombo ndicho kinachoamua kama utaweza.

Kwanza kabisa, angalia nafasi tupu. Ndoo kubwa iliyobaki na pombe nusu baada ya uchachushaji kupoa ina hewa nyingi juu ya pombe, hasa kama mfuniko umefunguliwa mara kadhaa kwa ajili ya kuonja. Huu ndio mkosi wa wengi, na dawa yake ni rahisi: mara tu uchachushaji mkali unapoisha, hamishia pombe kwenye chombo chenye shingo nyembamba kinacholingana na kiasi ulichonacho, ukijaza hadi sentimita chache tu chini ya kizibo. Ni heri kuwa na vyombo viwili vidogo vilivyojaa kuliko kimoja kikubwa kilicho nusu. Wakati wa kuhamisha, tumia mpira unaofika chini kabisa ya chombo kipya ili pombe isirukeruke na kujichanganya na hewa.

Pili, angalia kizibo cha maji chenyewe. Maji yake hukauka kimyakimya, na katika chumba chenye joto wiki mbili au tatu zinatosha kukiacha kikavu na wazi. Tatu, kagua kuta za ndani za ndoo ya plastiki kwa tochi iliyoshikwa upande, kisha pitisha ukucha juu yake. Mikwaruzo inayoshika ukucha huwaficha bakteria mahali ambapo dawa ya kusafishia haiwafikii. Ndoo ya namna hiyo haina tiba. Ipe kazi nyingine nyumbani. Ndiyo maana plastiki isisuguliwe kwa brashi ya waya wala sifongo ngumu, bali iloweshwe kisha ifutwe kwa kitambaa laini.

Nne ni plastiki yenyewe. Plastiki zote hupitisha oksijeni kidogo, na plastiki laini ya ndoo, ile yenye namba 2 ndani ya alama ya pembetatu kwenye kitako, hupitisha zaidi kuliko plastiki angavu yenye namba 1. Kwa wiki mbili jambo hili halina uzito wowote, lakini kwa divai inayokaa miezi linaonekana kwenye rangi na ladha. Kioo na chuma kisichoshika kutu havipitishi oksijeni. Mapipa ya mbao huipitisha, na tena ni magumu kuyasafisha. Asiye na uzoefu nayo namshauri ayaache.

Utando mweupe na mwembamba mara nyingi ni vijidudu vya jamii ya hamira vinavyoishi palipo na hewa. Pombe iliyo chini yake huenda bado inafaa ikiwa haijawa siki: ihamishe kwa mpira kutoka chini ya utando, ukiuacha utando nyuma, na ujaze chombo kipya hadi juu. Lakini ukiona manyoya ya kijani, bluu, meusi au ya waridi, huo ni ukungu, na baadhi ya aina za ukungu hutoa sumu ambazo haziondoki kwa kuchujwa wala kuchemshwa. Hapo usijaribu kuokoa kitu, mwaga yote. Pombe iliyokwisha kuwa siki haina hatari, ila hairudi tena kuwa pombe.

Dalili: Ladha au harufu ya dawa, plastiki au chuma

Harufu inayofanana na ile ya bendeji au hospitali kwa kawaida inatokana na klorini iliyobaki chomboni. Klorini ikikutana na viini fulani vya matunda au nafaka huunda kemikali zinazosikika ulimini kwa kiasi kidogo mno, na hakuna njia ya kuziondoa baadaye. Kama umesafisha kwa dawa ya klorini, suuza mara kadhaa kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, au tumia safari nyingine dawa ya sodiamu metabaisulfaiti, ambayo huitangua klorini. Mvuke wa dawa hiyo unakera mapafu, na mwenye pumu asiikaribie. Kamwe usichanganye dawa ya klorini na siki, asidi yoyote au amonia, kwa maana gesi zinazotoka zinaweza kuua.

Harufu ya plastiki, au ya kitu kilichowahi kuhifadhiwa humo kama achari na mafuta, huonyesha kwamba plastiki imenyonya harufu hiyo. Kuna jaribio lisilogharimu chochote: jaza chombo maji ya uvuguvugu, kifunike usiku kucha, kisha asubuhi funua na unuse kabla ya kufanya kitu kingine. Harufu ikiwa nyepesi, loweka kwa maji yenye magadi ya kuokea kwa siku mbili na urudie jaribio. Ikibaki, achana na chombo. Nunua plastiki iliyoandikwa kuwa inafaa kwa chakula, yenye namba 1, 2 au 5, na uikwepe yenye namba 3 na 6. Dumu au pipa lililobeba viuatilifu, rangi, mafuta ya mashine au kemikali yoyote ya viwandani lisitumike hata likisafishwa mara mia, kwa kuwa plastiki huirudisha polepole sumu iliyoinyonya, na pombe huivuta vizuri kuliko maji.

Ladha ya chuma inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu nyuma yake kunaweza kuwa na sumu. Divai na pombe nyingi za matunda huwa na pH ya 3 hadi 4, asidi ya kutosha kumumunyisha metali kadhaa. Kwa mpangilio wa yale yanayotokea mara nyingi:

1. Chombo cha chuma kisichoshika kutu kimesuguliwa kwa waya au kimeachwa na klorini ndani. Klorini hutoboa vishimo vidogo kwenye ngozi yake, na chembe za waya huacha madoa ya kutu. Kutu nyepesi huondolewa kwa maji ya moto yenye asidi ya sitriki na kitambaa. Vishimo vinavyoonekana kwa macho, au kutu kwenye maungio, ni kazi ya fundi wa kuchomelea anayeijua metali hiyo, na chombo kisitumike mpaka amekikagua.

2. Ndoo ya bati lililopakwa zinki imetumika. Asidi huiyeyusha zinki, na kinywaji hicho husababisha kichefuchefu na kutapika. Mwaga.

3. Sufuria ya alumini au ya shaba imeachwa na mchanganyiko kwa siku kadhaa. Vyombo hivi vinafaa kuchemshia kwa muda mfupi, lakini kuchachushia havifai.

4. Mtungi wa kauri una mng'aro, yaani ngozi yake inayong'aa, wenye metali ya risasi. Hili huja mwisho kwa sababu ni nadra kuliko mengine, lakini ndilo la kuogopwa kuliko yote, kwani risasi haibadilishi harufu wala rangi ya pombe, na mara nyingi mnywaji hahisi ladha yoyote ya ajabu. Mwaka 1767 daktari wa Kiingereza, George Baker, alieleza kwamba maumivu makali ya tumbo yaliyowasumbua wanywaji wa saida, ile pombe ya matofaa, katika jimbo la Devon, Uingereza, yalitokana na risasi iliyotumika katika mitambo ya kukamulia matunda. Mtungi wa zamani, wa mapambo, au wenye nyufa nyembamba kama utando wa buibui kwenye mng'aro wake, usiuchachushie. Vipimo vya risasi vya kubadilika rangi vinavyouzwa kwa matumizi ya nyumbani haviaminiki vya kutosha kwa uamuzi huu. Peleka chombo kwenye maabara au kiache kiwe pambo. Na kama umeshakunywa pombe iliyokaa ndani ya mtungi wa namna hiyo, mweleze daktari na umwombe kipimo cha damu, hata kama hujisikii mgonjwa.

Dalili: Bia ina harufu kali isiyopendeza baada ya kukaa mwangani

Hii inahusu pekee pombe zenye hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu wake. Mwanga wa jua huvunja viini vya hopsi ndani ya muda mfupi, dakika chache tu katika kioo angavu. Kioo cha kahawia hulinda vizuri, cha kijani kidogo sana. Funika chombo kwa blanketi jeusi au kiweke kabatini.

Dalili: Mchanganyiko unapata joto kuliko chumba, kisha unasimama

Hamira inapofanya kazi hutoa joto, na chombo kikubwa hulishikilia kwa sababu eneo la kuta zake ni dogo ukilinganisha na ujazo wake. Chupa ya lita 5 hupoa yenyewe. Pipa la lita 200 linaweza kuzidi joto la chumba kwa nyuzi kadhaa. Zaidi ya nyuzi 35 za selsiasi hamira nyingi huanza kuchoka na kufa, na pombe hubaki na utamu usiotarajiwa. Pima joto katikati ya chombo badala ya kupima ukutani mwake. Kama limepanda, zungushia chombo kitambaa kibichi na upepo wa feni, au kikalishe ndani ya beseni la maji. Chombo cha kioo kisimwagiwe maji ya barafu, wala kisijazwe mchanganyiko uliotoka motoni, kwa kuwa mabadiliko ya ghafla hukipasua. Kwa anayeanza, tatizo hili lote huepukika kwa kugawa kazi katika vyombo vya lita 20 hadi 25.

Dalili: Koki ya ndoo inadondosha

Kaza nati ya ndani kwa mkono, kisha angalia kama mpira wake umekaa upande wa ndani ya ndoo. Usikaze kwa spana, kwa maana plastiki itapasuka. Kabla ya kila matumizi, fungua koki yote na uioshe vipande vipande. Mashapo hujificha humo, na mara nyingi ndiko maambukizi yanakoanzia wakati ndoo yenyewe iko safi kabisa. Kwa maoni yangu ndoo isiyo na koki, pamoja na mpira wa kuvutia, ni chaguo bora.

Dalili: Kioo kina ufa, au chupa zilizofungwa zinafoka na kulipuka

Chupa kubwa ya kioo yenye lita 20 za mchanganyiko huzidi kilo 25, na ajali nyingi hutokea inapobebwa kwa shingo ikiwa na unyevu. Ibebe ndani ya kreti, au uihamishe ikiwa tupu. Ufa wowote, hata ulio mdogo kama unywele, unakiondoa kioo kazini. Gundi haisaidii.

Chupa zinazolipuka, kwa upande mwingine, kwa kawaida zilifungwa kabla uchachushaji haujaisha. Karibu gramu 4 za sukari katika kila lita hutoa kiasi cha gesi kinacholingana na mgandamizo wa angahewa moja ndani ya chupa iliyopoa. Watengenezaji wa shampeni huongeza gramu 24 hivi kwa lita ili kufikia angahewa 6, lakini chupa zao ni nene na zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Chupa ya divai ya kawaida, chupa ya sosi au mtungi wa jamu hauwezi. Usifunge mpaka haidromita isome namba ileile kwa siku tatu mfululizo, na ujaze chupa moja ya plastiki ya soda pamoja na nyingine: ikishakuwa ngumu isiyobonyea, ujue chupa za kioo nazo zimefikia hali hiyohiyo.

Moja ikishalipuka, nyingine zinaweza kufuata wakati wowote. Usizifungue kwa mkono mtupu na usizisogeze kuangalia. Zifunike kwa blanketi zito pale zilipo na ufunge mlango. Ukilazimika kuzigusa, vaa miwani ya kinga, glavu nene na nguo ya mikono mirefu, uziweke kwenye friji ili mgandamizo upungue, na usizifungue hadi zimepoa kabisa.

Dalili: Kichwa kinauma au pumzi inabana ndani ya chumba cha kuchachushia

Kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa kwa karibu mara moja na nusu, hivyo hukusanyika chini, hasa katika chumba cha ardhini, stoo isiyo na dirisha, na ndani ya pipa refu lililomwagwa karibuni. Vyombo viwili vidogo jikoni havina shida. Mapipa kadhaa katika chumba kimoja kilichofungwa yana shida. Toka nje mara moja, fungua milango, na usiingize kichwa ndani ya pipa kusafisha mashapo kabla ya kulisuuza kwa maji na kuliacha wazi. Mtu akianguka ndani ya chumba hicho, usimfuate bila hewa kuingizwa kwanza, kwa kuwa waokoaji nao huanguka vivyo hivyo. Fungua kila kinachofunguka kutokea nje na uite huduma ya dharura. Yeyote aliyekunywa pombe ya nyumbani kisha akaona ukungu machoni, akatapika bila kukoma au akachanganyikiwa, apelekwe hospitali saa ileile, pamoja na sampuli ya kinywaji na maelezo ya chombo kilichotumika.